Bembea sita, mwendo mmoja: uchambuzi wa kisa cha sanaa ya kuchezewa katika uwanja wa mji

Mazingira

Kisa hiki kinahusu kazi ya sanaa ya muda iliyokaa wiki kumi katika uwanja wa wazi katikati ya mji. Jina la mji, la msanii na la ofisi iliyotoa kibali yameondolewa. Vipimo vimeachwa, kwa sababu ndivyo vinavyobeba somo lote.

Uwanja ulikuwa wa kupita tu. Asubuhi na jioni watu waliukata mshazari kwenda kituo cha usafiri. Mchana walibaki wachache kwenye benchi. Sakafu yake ni ya mawe yaliyosuguliwa laini. Chini ya mawe hayo zinapita nyaya za umeme na mabomba ya maji, na kibali kilikuja na sharti lisilojadiliwa: hakuna kuchimba, hakuna kutoboa. Eneo lililotolewa lilikuwa ukanda wenye upana wa mita 7.2, upande mmoja safu ya benchi, upande wa pili miti iliyozungushiwa kingo za zege. Madirisha ya nyumba za kuishi yaliyo karibu zaidi yalikuwa umbali wa mita 22.

Waliohusika tangu mwanzo ni msanii, mtunzi wa muziki, mhandisi wa miundo, fundi wa kuchomelea na msimamizi wa mradi. Mkaguzi wa vifaa vya michezo aliitwa michoro ikiwa imekwisha. Tarehe hiyo ya kumwita itarudi tena hapa chini.

Wazo, na mzigo uliojificha ndani yake

Bembea sita kwenye boriti moja ndefu. Kila bembea ina noti yake, na noti hulia mpanda anapofika kileleni mwa mwendo, mbele au nyuma. Wawili wakifika kileleni pamoja, inaongezeka sauti ya tatu ambayo hakuna mmoja wao anayeweza kuitoa peke yake. Wote sita wakilingana, wimbo mzima unafunguka.

Si wazo geni. Mwaka 2011 studio ya Daily tous les jours iliweka bembea 21 za muziki katika Quartier des spectacles, Montréal, nazo pia zilikuwa na sauti zisizopatikana ila kwa kushirikiana. Mwaka 2017 kikundi cha wasanii cha SUPERFLEX kilijaza ukumbi wa Turbine wa Tate Modern, London, kwa bembea za viti vya watu watatu watatu. Kilichotofautisha kisa hiki ni marufuku ya kuchimba. Kila kitu kilipaswa kusimama kwa uzito wake.

Hapo ndipo wazo la kisanii na hesabu ya mhandisi vilipogongana. Kwa kawaida anayepiga hesabu ya fremu ya bembea nyingi ana haki ya kutegemea kwamba wapanda hawatalingana: huyu akienda mbele yule anarudi, na nguvu zao zinafutana kwa sehemu. Kazi hii iliwapa watu zawadi kwa kulingana. Mzigo ambao kwingine ni bahati mbaya, hapa ulikuwa ndiyo shabaha ya mchezo, na umati ungeshangilia kila unapotokea.

Lilitolewa pendekezo la kufupisha baadhi ya minyororo na kurefusha mingine ili watu washindwe kulingana kwa muda mrefu. Lilikataliwa, na kwa sababu nzuri: bembea zenye urefu tofauti zina vipindi tofauti (muda wa kwenda na kurudi mara moja), kwa hiyo wimbo kamili usingesikika hata siku moja. Uamuzi ukawa kubeba mzigo wote, sita kwa pamoja, bila kutegemea bahati.

Hesabu iliyoongoza mradi

Mhandisi alichukua mtu mmoja wa kilo 120 kwa kila kiti na mwendo wa digrii 60 kutoka wima. Katika mwendo huo mnyororo unavuta kwa nguvu mara mbili ya uzito wa mtu anapopita chini kabisa, yaani takriban nyutoni 2,350. Nguvu inayosukuma fremu kwa mlalo haifikii kilele huko chini wala juu mwishoni, bali katikati, karibu na digrii 37, na ni sawa na 0.84 ya uzito wa mtu: kama nyutoni 990. Wengi hukosea hapa. Hupima kiti kikiwa kimetulia, wakaongeza kidogo, wakaridhika.

Mhimili wa bembea ulikuwa mita 2.5 juu ya ardhi. Watu sita kwa pamoja wanatoa nguvu ya kupindua ya takriban nyutonimita 15,000, na ikizidishwa kwa kigezo cha usalama cha 1.5 inafika 22,500. Miguu ya fremu ilitanuka mita 2.4, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingo wa kupindukia ni mita 1.2. Uzito unaohitajika kuizuia isipinduke ni takriban kilo 1,900, bila kuhesabu uzito wa wapanda wenyewe.

Kupinduka, hata hivyo, hakukuwa hatari iliyo karibu zaidi. Nguvu ya mlalo ya watu sita, pamoja na kigezo kile kile, ni karibu nyutoni 8,900. Fremu yenye uzito wa kilo 2,260, ikijumlishwa na uzito wa kuishikilia, inahitaji msuguano wa 0.4 ili isiteleze. Chuma juu ya jiwe laini lenye unyevu hakitegemewi kufika hapo. Fremu ingetambaa uwanjani siku nyingi kabla ya kufikiria kupinduka.

Mambo yalivyokwenda

*Urefu wa minyororo.* Mchoro wa kwanza ulikuwa na minyororo ya mita 2.4. EN 1176, kiwango cha Ulaya cha vifaa vya viwanja vya michezo ya watoto, kinataka eneo la kuangukia mbele na nyuma ya kiti liwe sawa na 0.867 ya urefu wa mnyororo, jumlisha mita 1.75 kama sakafu ni ya mpira. Kwa mnyororo wa mita 2.4 hiyo ni mita 3.83 kila upande, jumla 7.66. Ukanda ulikuwa 7.2. Timu ilifupisha minyororo hadi mita 2.0, na jumla ikashuka hadi karibu 6.97. Hakuna aliyeuliza kama benchi zinaweza kusogezwa. Zilikuwa zimefungwa kwa bolti nne nne.

Kufupisha kulimgharimu mtunzi wa muziki. Kipindi cha bembea ya mita 2.4 ni kama sekunde 3.1, cha mita 2.0 ni 2.84. Wimbo wote uliandikwa upya kwa mwendo wa haraka zaidi.

*Vipimo vya upana.* Kiti kilikuwa na upana wa sentimita 45. Kati ya kiti na kiti iliachwa nafasi ya sentimita 70, na kati ya kiti na mguu wa fremu sentimita 60, kwa kanuni ya asilimia 20 ya urefu wa mnyororo jumlisha milimita 300 au 200. Kila chumba cha bembea mbili, yaani nafasi kati ya jozi moja ya miguu ya fremu na inayofuata, kikawa mita 2.8, vyumba vitatu mita 8.4. Fremu ilichomelewa kwa bomba la kipenyo cha milimita 114 lenye unene wa milimita 5, ikawa na uzito wa kilo 450 hivi pamoja na vishikizo.

*Uzito wa kushikilia.* Mwanzoni ulichorwa kama matofali manane ya zege, moja kwenye kila mguu, kilo 240 kila moja. Mkaguzi alipofika aliweka kidole kwenye mchoro bila kukaa: matofali manne ya katikati yalikuwa ndani ya eneo la kuangukia, kingo zake zikiwa sentimita 25 juu ya sakafu. Mtu anayeruka kutoka kwenye kiti angetua juu yake.

Zege likaondolewa. Mahali pake yalikuja mabamba manne ya chuma, kila moja mita 1.2 kwa 2.4, unene milimita 20, uzito takriban kilo 452. Yalilala bapa chini ya miguu ya fremu, yakafungwa kwayo kwa bolti, na juu yake vikapangwa vigae vya mpira. Uzito ni ule ule kwa karibu, lakini haupo tena njiani. Mabadiliko hayo yalichelewesha ufunguzi kwa wiki mbili na kula sehemu kubwa ya akiba ya mradi.

*Sakafu.* Urefu wa kuanguka kwa bembea huhesabiwa kiti kikiwa digrii 60, yaani urefu wa kiti kikitulia (sentimita 45) jumlisha nusu ya mnyororo (mita 1.0). Jumla mita 1.45. Vilinunuliwa vigae vya mpira vyenye cheti cha mita 1.5, maana yake kichwa kikiangukia hapo kutoka urefu huo kipimo cha HIC, yaani cha hatari ya jeraha la kichwa, hakizidi 1,000. Vigae 252 vya nusu mita kwa nusu mita vilifunika mita 7 kwa 9. Pale yalipopita mabamba, nafasi iliyobaki kati yake ilijazwa kwa mbao za unene ule ule, la sivyo vigae vingevunjika mgongo kwenye ukingo wa chuma.

Sakafu yote iliinuka karibu milimita 75 juu ya mawe. Njia za kupandia za mteremko wa 1 kwa 12 ziliwekwa kwenye ncha mbili fupi, kwa sababu upande wa benchi na upande wa miti haukubaki hata na nusu ya sentimita 90 zinazohitajika. Kwenye karatasi ilionekana nadhifu.

*Kiti.* Msanii alitaka kisanduku cha plastiki ngumu kinachong'aa, chenye taa na betri ndani. Kielelezo kilikuwa na uzito wa kilo 9. Kiti kitupu cha kilo 9 kinachorudi kwa kasi ni nyundo, na urefu wake ni sawasawa na kichwa cha mtoto aliyesimama. Taa zilihamishiwa kwenye boriti zikimulika chini, na kiti kikawa cha mpira wenye bamba jembamba ndani, kilo 3.5. Msanii alinung'unika, kisha akagundua kwamba mwanga ukitoka juu kivuli cha kila mpanda kinacheza sakafuni. Picha zote zilizosambaa baadaye ni za vivuli hivyo.

Minyororo ilikuwa ya pingili fupi ambazo tundu lake halizidi milimita 8.6, kidole cha mtoto kisiingie.

*Jaribio.* Siku tano kabla ya kufungua, watu wazima sita walipanda na kulinganisha mwendo kwa dakika kumi, mawe yakiwa yamemwagiwa maji. Mistari ya chaki ilichorwa kuzunguka mabamba. Mpira wa kuweka chini ya chuma ulikuwa haujafika, na msimamizi aliamua jaribio lifanyike hivyo hivyo. Ulikuwa uamuzi bora kuliko alivyojua: fremu nzima ilisogea milimita 11. Baada ya kulaza mpira wa milimita 6 chini ya mabamba, jaribio lilirudiwa na chaki haikuguswa. Kama mpira ungewahi, hakuna ambaye angejua kwamba karatasi hiyo nyembamba ndiyo inayoshikilia kazi yote, na pengine mtu angeikata pembeni ili vigae vikae vizuri.

*Wiki ya kwanza.* Walinzi wa uwanja waliwafukuza watu wazima. Walikuwa na agizo la miaka mingi la kuzuia michezo uwanjani, na mtu mwenye mkoba wa kazini akibembea baada ya saa za ofisi aliwafanania na mhuni. Tangazo lililobandikwa halikusaidia, maana liliandikwa kwa ajili ya wapanda. Kilichosaidia ni nusu saa moja ya jioni: walinzi wote wanne walikalishwa kwenye bembea, wakaonyeshwa wimbo unavyofunguka, wakapewa karatasi moja yenye mambo wanayopaswa kuzuia (wawili kwenye kiti kimoja, kusimama juu ya kiti, kuzungusha mnyororo) na namba ya kupiga. Tangu siku hiyo walianza kuwaita wapita njia: "Bado mmoja tu, njoo ukae hapa."

*Dirisha la kulingana.* Programu ilihesabu kwamba wapanda wamelingana iwapo walifika kileleni ndani ya sekunde 0.1. Karibu hakuna aliyeweza. Sababu iko katika fizikia ya bembea yenyewe: kipindi hakitegemei uzito, lakini kinategemea ukubwa wa mwendo. Mtoto anayekwenda digrii 30 ana kipindi cha sekunde 2.89, mtu mzima anayekwenda digrii 60 ana 3.05. Tofauti ni 0.16 kwa kila mzunguko, na baada ya mizunguko mitatu wameachana karibu nusu sekunde. Dirisha lilipanuliwa hadi sekunde 0.3, na mtunzi akapunguza kila kifungu cha wimbo kiwe na urefu wa mizunguko miwili, kama sekunde sita. Hapo kazi ilianza kufanya ilichokusudiwa. Ili kifungu kirudi, wapanda walilazimika kusawazisha ukubwa wa mwendo wao, na njia pekee ya kufanya hivyo na mtu usiyemjua ni kumwambia apunguze kidogo.

*Wiki ya tatu.* Mtoto wa miaka sita hivi aligongwa begani na kiti. Hakuvunjika, alichubuka. Kazi ilifungwa siku nne. Picha za kamera ya uwanja zilionyesha kisa kizima: bembea ya tatu ilikuwa tupu, mtoto aliingia kwa njia ya kupandia ya mwisho wa safu, na ili kuifikia alipita mbele ya bembea mbili zenye watu. Hakukuwa na njia nyingine. Bembea nne kati ya sita zilifikika kwa kukatiza mbele au nyuma ya wengine.

Benchi zikafunguliwa bolti na kusogezwa nyuma mita 1.5. Kazi ya saa tatu. Njia ya kupandia ya sentimita 90 ikajengwa kwa urefu wote wa upande huo, na vigae vya rangi tofauti vikachora mistari miwili inayoingia moja kwa moja kwenye miguu ya fremu, kati ya vyumba na nje ya mwendo wa viti. Upande wa miti ulizibwa kwa kamba nene.

*Usiku.* Malalamiko ya wakazi yalianza wiki ya nne. Kila spika ilipimwa desibeli 70 kwa mita moja. Kwa mita 22 hiyo inashuka hadi 43 hivi, na sita kwa pamoja zinafika 51. Mchana uwanja wenyewe ulikuwa na kelele zaidi ya hapo. Saa nne usiku ulikuwa na 42. Sauti iliyokuwa imemezwa na mji mchana ikasimama peke yake usiku, na ilikuwa noti zile zile sita. Mtu anaweza kusamehe kelele, marudio hayasameheki. Iliwekwa maikrofoni iliyopima kelele ya uwanja na kuishusha sauti ifuatane nayo, na saa tatu na nusu usiku muziki ukazimwa kabisa, bembea zikaachwa wazi.

Malalamiko yalipungua, hayakwisha. Timu ilirudi usiku na kukuta kinacholalamikiwa sasa si muziki. Beringi mbili zilikuwa zikilia. Michoro ilitaka beringi zilizofungwa zisizoingiza vumbi. Kiwandani zilikosekana, fundi akatia bushi za shaba zinazohitaji grisi, na taarifa hiyo haikuingia kwenye orodha ya ukaguzi. Zilibadilishwa zote kumi na mbili kwa asubuhi moja.

Matokeo

Kazi ilikamilisha wiki zake kumi, ukiondoa siku nne za kufungwa. Jeraha lililohitaji kuandikwa ni lile moja. Chaki ya mabamba haikusogea. Pingili za minyororo ziliwekewa kikomo cha kubadilishwa zikiliwa asilimia 10 ya unene wake. Mbili zilifika, zote kwenye bembea za pembeni, ambazo ndizo zilizokaliwa kwanza kila mara.

Jambo moja halikutarajiwa. Baada ya saa tatu na nusu usiku, muziki ukiwa umezimwa, watu waliendelea kubembea, lakini kumbukumbu za vihisi zinaonyesha kwamba waliacha kulingana. Kila mmoja alikwenda mwendo wake. Kwa hiyo ni sauti iliyowaunganisha. Kukaa karibu pekee hakukutosha.

Uchambuzi

Lililofanikiwa zaidi ni kuanza hesabu kutoka kwenye mwaliko wa kazi yenyewe. Swali la kawaida la ukaguzi ni kama kifaa hiki ni salama kikitumiwa ipasavyo. Sanaa ya kuchezewa hubadilisha maana ya "ipasavyo". Mwaka 1971 msanii wa Marekani Robert Morris aliweka mihimili, mipira mikubwa na miinuko ya kupandwa katika Tate Gallery, London, na maonyesho yakafungwa baada ya siku chache kwa sababu ya majeraha. Yalipojengwa upya mwaka 2009 katika Tate Modern, vifaa vilitengenezwa kwa namna iliyotarajia shauku ya watu. Watazamaji wa 1971 hawakuvunja kanuni. Waliitikia walichoitiwa, kwa nguvu ambayo mbao na kamba zile hazikukusudiwa. Anayepanga kazi ya namna hii anapaswa kuandika mapema sentensi moja: kazi inamwomba mtu afanye nini, na ikifanikiwa kupita kiasi kutakuwa na nini? Hapa jibu lilikuwa watu sita, kilo 120 kila mmoja, kwa mpigo mmoja, kwa dakika kumi. Likijulikana hilo, mabamba, mpira na jaribio la chaki vinafuata.

Lakini sentensi hiyo ilitumika kwa chuma tu. Haikutumika kwa miguu ya watu. Kazi inayodai wapanda sita huwafanya watu waingie wakati wengine wako hewani. Kiti kitupu kati ya viti vinavyokwenda ndicho kinachovutia zaidi, kwa kuwa ndicho kinachokosekana kwenye wimbo. Mtoto yule alikuwa akiitikia mwaliko barabara. Katika uwanja wa kawaida wa watoto, EN 1176 inaruhusu viti visivyozidi viwili kwa chumba, na sababu mojawapo ni hiyo ya kukatiza. Kanuni ilifuatwa kwenye fremu, halafu ikapinduliwa na njia ya kupandia iliyowekwa nchani. Mchoro wa ukaguzi ulionyesha eneo la kuangukia kwa kila kiti, wala haukuwa na mstari mmoja wa kuonyesha mtu anavyokifikia kiti.

Benchi zinastahili kutajwa peke yake. Zilichukuliwa kama ukuta kwa sababu zilikuwepo tayari. Kwa ajili yake minyororo ilifupishwa, wimbo ukaandikwa upya, njia za kupandia zikasukumwa nchani, mtoto akagongwa, na mwishowe zikasogezwa kwa saa tatu. Katika kila eneo la mji kuna vitu visivyoweza kuhamishwa kweli (mti, shimo la bomba, njia ya zimamoto) na vitu ambavyo hakuna aliyejaribu. Orodha hizo mbili zitenganishwe siku ya kwanza, na kila kitu cha orodha ya pili kiulizwe kwa maandishi kwa mwenye uwanja.

Kuhusu mkaguzi: aliitwa kuidhinisha, naye akalazimika kubuni. Saa mbili zake mchoro ukiwa bado wa penseli zingeokoa zile wiki mbili za mabamba. Katika bajeti ya kazi ya namna hii ada yake ni sehemu ndogo, lakini kwa mazoea huandikwa mwisho wa orodha na mwisho wa kalenda.

Kiti ni mfano wa maafikiano yaliyokwenda vizuri, na sababu ya kwenda vizuri si kwamba usalama ulishinda. Msanii alielezwa kinachokatazwa ni nini hasa: uzito na ugumu kwenye kimo cha kichwa. Mwanga haukukatazwa na mtu. Alipolijua hilo aliutafutia mahali pengine, na mahali hapo palikuwa bora. Angeambiwa tu kwamba "kiti hiki hakifai", angetetea kisanduku chake hadi wiki ya mwisho.

Sauti ilipimwa kwa kipimo sahihi na saa isiyofaa. Kipimo cha sauti kwenye uwanja kichukuliwe mara tatu: mchana, saa za kurudi nyumbani, na saa ambayo majirani wanazima taa. Beringi nazo zinaonyesha jinsi kifaa mbadala kinavyoingia kimyakimya. Bushi ya shaba si kifaa kibaya. Ilihitaji grisi kila wiki, na aliyeijua haja hiyo alikuwa karakana, aliyeshika orodha ya ukaguzi alikuwa uwanjani.

Ukaguzi wa kila siku wenyewe ulikuwa mwepesi na ulifanya kazi. Dakika kumi kila asubuhi: minyororo kwa mkono wenye glavu, nati kwa alama ya rangi iliyopita juu ya nati na bolti (mstari ukikatika, nati imelegea), vigae kwa kuburuza mguu kwenye viungo, mabamba kwa kutazama chaki. Mara moja kwa wiki bolti zilikazwa kwa spana ya kipimo. Walinzi ndio walioufanya ukaguzi wa asubuhi kuanzia wiki ya pili, na ndio walioziona pingili mbili zilizoliwa.

Baada ya kufungua bolti

Fremu iko ghalani, ikisubiri uwanja mwingine ambao ukanda wake una upana wa mita 9. Msanii anataka kurudi kwenye minyororo ya mita 2.4, na mtunzi bado ana wimbo wa kwanza wa sekunde 3.1. Mhandisi amerudia hesabu: mhimili ukipanda hadi mita 2.9 kwa miguu mirefu zaidi na mtanuko ule ule, uzito unaohitajika kuzuia kupinduka unafika takriban kilo 2,210, nao uliopo ni 2,260. Unatosha, kwa pumzi moja tu. Nguvu ya kuteleza haibadiliki, mradi mpira wa chini ubaki. Vyumba na vigae ndivyo havitoshi: kwa kanuni ile ile ya upana kila chumba cha mita 2.8 kinapaswa kuwa mita 3.04; urefu wa kuanguka nao unapanda hadi mita 1.65, cheti cha vigae ni mita 1.5, na vyote 252 itabidi vibadilishwe.